Wateja Wanasema "Nzuri", Lakini Hawamalizi Kununua

Maswali ya Wasomaji: Biashara na Teknolojia

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, shikamoo. Ninafanya kazi katika kampuni ndogo hapa Dar es Salaam inayouza vitenge, madera, mashuka na vyombo vya nyumbani kwa njia ya aplikesheni ya simu. Aplikesheni yetu imetimiza miaka mitatu, na mkurugenzi ameamua ibuniwe upya. Amenipa wiki sita na fedha kidogo nifanye utafiti wa watumiaji, halafu mbunifu aanze kuchora. Nilitengeneza dodoso la maswali 40 nikalisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, na watu zaidi ya mia mbili wakajibu. Karibu wote wamesema aplikesheni ni nzuri, na wachache wameomba rangi zibadilishwe. Mkurugenzi amefurahi, anasema basi tubadilishe rangi. Lakini mimi ndiye ninayeangalia oda kila asubuhi, na ninaona jinsi watu wanavyojaza kikapu, wanafika kwenye kujisajili au kulipa, kisha wanapotea. Je, dodoso langu lina kasoro gani? Nionane na watu wangapi, niwaulize nini, na mkubwa wangu nimweleze vipi? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umekwisha kupata nusu ya utafiti bila kujua, kwa sababu una orodha ya yale watu wanayoyasema na orodha ya yale wanayoyafanya, na orodha hizo mbili hazipatani. Kazi yako ya wiki sita ni kuchimba pale pale zinapopishana.

Dodoso lako limekwamishwa na adabu zetu. Mtu wa mji huu ukimuuliza "unaionaje aplikesheni yetu?" atakujibu "nzuri" kama anavyokujibu "salama" ukimuuliza habari za nyumbani, hata kama usiku kucha hakulala kwa mtoto mwenye homa. Wala hili si la Waswahili peke yao. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Bangalore, India, kwa mahojiano 450, ambapo watu walioneshwa vitu viwili na kuambiwa kwamba kimojawapo kimetengenezwa na yule anayewahoji. Uwezekano wa kukichagua kile cha mhojaji ulikuwa mkubwa kwa takriban mara mbili na nusu, ingawa vitu vyenyewe vilikuwa sawasawa. Na mhojaji alipokuwa mgeni kutoka nje anayehitaji mkalimani, ukapanda hadi mara tano. Waliendelea kukipendelea hata kilipoharibiwa makusudi kikawa duni waziwazi. Sasa wewe umetuma dodoso kwa jina la kampuni, kwenye magrupu ambamo nusu ya watu wanakufahamu, mmoja ni shangazi yako na mwingine anatumaini siku moja mtampa kazi. Ulitegemea wajibu nini?

Kasoro ya pili imo katika maswali yenyewe. Hukunitumia dodoso, lakini nimesoma mengi ya aina hiyo, na karibu kila moja lina swali kama "Je, ungependa aplikesheni yenye kasi zaidi?" Hakuna atakayesema anapenda ya polepole. Lina pia swali la kubahatisha mambo yajayo: "Je, ungenunua mara nyingi zaidi kama kungekuwa na punguzo?" Mtu hajui atakachofanya mwezi ujao, ila anajua alichofanya Jumamosi iliyopita, tena ukimpa simu yake mkononi atakuonesha. Dodoso liweke kando kwa sasa. Litakufaa mwishoni, ukishajua unachotaka kuhesabu.

Kabla hujatoka ofisini, maliza kwanza yaliyomo ndani. Chukua oda za mwezi mmoja uhesabu ni wangapi walifungua aplikesheni, wangapi walitafuta bidhaa, wangapi waliweka kitu kwenye kikapu, wangapi walifika kwenye kujisajili, wangapi walijaribu kulipa, wangapi walilipa na wangapi walipokea mzigo. Utaona ngazi ipi watu wanaporomokea. Hesabu hiyo itakuambia ni wapi, wala haitakuambia ni kwa nini, lakini itakuokoa usipoteze wiki nzima ukichunguza ukurasa ambao hauna tatizo. Kisha kaa na dada anayepokea simu za wateja, umwombe daftari lake au ujumbe wa WhatsApp wa mwezi huo huo, usome mmoja mmoja bila kuruka. Halafu uwaendee madereva wa bodaboda wanaopeleka mizigo yenu, kwa kuwa wao huwaona wateja kwa macho, na sijawahi kuona kampuni inayowauliza chochote zaidi ya "umefika?"

Angalia pia yale ambayo wateja wanaandika katika visanduku vyenu. Katika kazi moja ya aina hii niliwahi kupitia kisanduku kilichoandikwa "Mtaa na namba ya nyumba", na ndani yake mteja alikuwa ameandika: "Mtoni kwa Azizi Ali, ukifika nipigie." Wa pili aliandika "nyuma ya msikiti, geti la bluu", na wa tatu aliandika namba yake ya simu tu. Mbunifu aliwaita wateja hao wazembe. Ni kweli kwamba operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilizipa nyumba nyingi namba na mitaa vibao, lakini ulimi wa mtu wa Dar es Salaam bado unaelekeza kwa alama na kwa simu, na dereva naye anafika kwa alama na kwa simu. Wateja wale walikuwa wamekibuni upya kisanduku kile kwa mikono yao wenyewe, bure.

Ukitoka ofisini, usiende kwa marafiki zako wa Sinza wenye simu mpya na bando lisiloisha. Unahitaji watu wa aina nne: walionunua zaidi ya mara moja, walioacha kikapu njiani, walioifuta aplikesheni, na wanaonunua bidhaa za aina yenu kwa simu bila kupitia kwenu. Hawa wa mwisho ndio wengi kuliko wote na ndio wanaosahauliwa. Wafuate Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta, na ng'ambo ya Kigamboni ambako gharama ya kupeleka mzigo ni hadithi nyingine. Waone wakitumia simu zao wenyewe, zenye kioo kilichopasuka na nafasi iliyojaa picha za harusi, wala usiwape ya kwako, kwa sababu aplikesheni inayokimbia kwenye kishikwambi cha mkurugenzi inaweza kuganda kabisa kwenye simu ya bei ya chini.

Umeuliza idadi. Watafiti wa matumizi ya kompyuta, Jakob Nielsen na Thomas Landauer, walionesha mwaka 1993 kwamba, katika majaribio waliyoyachambua, mtumiaji mmoja hukutana kwa wastani na takriban asilimia 31 ya matatizo yaliyomo, na kwamba watumiaji watano kwa pamoja hufichua kama asilimia 85. Ndiyo asili ya kauli unayoweza kuisikia, kwamba watu watano wanatosha. Kauli hiyo ina masharti ambayo wengi huyameza. Watano hao wawe wa aina moja wakifanya kazi zile zile, na shabaha iwe kutafuta makwazo; watu watano hawawezi kukuambia ni asilimia ngapi ya wateja wenu wanapendelea kulipa mzigo ukifika. Kwa fedha yako ningeona watano, nirekebishe mchoro, nione watano wengine, nirekebishe tena, kisha niwaone watano wa mwisho. Hao kumi na watano kwa awamu tatu watakufaa kuliko thelathini kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa ukikutana na kizuizi mlangoni, watu wote thelathini watakwama hapo hapo na hutajua kilichomo sebuleni.

Jinsi ya kukaa nao ndiyo sehemu ngumu, nami nitaieleza kwa kisa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikilifanyia kazi duka moja la mtandaoni ambalo sitalitaja. Tulikwenda Mbagala Rangi Tatu kwa mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa amejaza dodoso letu na kuweka alama kwenye "naridhika sana". Tulikaa kwenye benchi la wateja, mimi na mwenzangu, kama wanagenzi mbele ya fundi, nikamwomba atusimulie mara ya mwisho aliponunua kitenge kwa simu. Badala ya kusimulia akaona ni rahisi kutuonesha. Alifungua aplikesheni yetu, akatafuta kitenge, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ikawa ukungu. Alitikisa kichwa. Akapiga skrinishoti, akafungua WhatsApp, akaituma ile picha kwa winga wake wa Kariakoo, yaani dalali anayemtafutia bidhaa madukani, pamoja na sauti: "Hiki kipo? Nipigie picha kikiwa mkononi, hapo mlangoni penye mwanga, na uniambie hiyo bei ni ya doti au ya pisi nzima." Baada ya kama dakika ishirini, ambazo alizitumia kupinda gauni la watu, ikaja picha ya mkono wa mtu umeshika kitenge kile kile, nyuma yake pilikapilika za Mtaa wa Kongo. Mama akamtumia winga fedha na ya kutolea. Alipomaliza akatugeukia akasema, bila kejeli yoyote, "Aplikesheni yenu nzuri sana, inanisaidia kuchagua."

Alikuwa anasema kweli kabisa. Aliridhika nayo kama kitabu cha picha, na fedha zake zilikwenda kwingine. Katika dakika zile ishirini tulijifunza kwamba picha zetu za studio zilikuwa zinaficha rangi halisi, kwamba hatukuandika kipimo cha kitambaa, na kwamba mnunuzi alihitaji mtu wa kumuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha. Mwenye duka wakati huo alikuwa anajiandaa kuweka mabango yanayoteleza ya ofa kwenye ukurasa wa mbele.

Kwa hiyo swali lako kuu liwe "Mara ya mwisho ilikuwaje?", na la pili liwe "Nioneshe." Epuka kabisa "Kwa kawaida huwa unafanyaje?", kwa sababu hapo mtu hukupa mwenendo anaotamani kuwa nao. Ukitaka kumpa kazi ya kujaribu kwenye aplikesheni, mpe shabaha bila kumpa njia. Mwambie, "Mdogo wako anaolewa mwezi ujao, mtafutie mashuka hapa, ufike hadi mwisho kabisa." Usimwambie, "Bonyeza Vifaa vya Nyumbani, kisha Mashuka," maana utakuwa umemfanyia mtihani.

Watafiti humwomba mshiriki afikiri kwa sauti, yaani aseme kila kinachompitia akilini anapotumia chombo. Njia hii ililetwa katika upimaji wa kompyuta na mtafiti Clayton Lewis alipokuwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inafaa, lakini hapa kwetu mtu mzima aliyekaa mbele ya mgeni mwenye daftari hunyamaza kwa heshima, na kijana hunyamaza kwa woga wa kukosea. Dawa niliyoizoea ni kuwakalisha wawili wanaofahamiana, dada na dada au jirani na jirani, na simu moja kati yao. Watasahau kwamba upo. Mmoja atasema "bonyeza hapo", mwenzake atajibu "hapo si wanakata hela?", nawe utakuwa umepata jambo ambalo dodoso la maswali 40 lisingelitoa.

Mwanzoni waambie kwamba kinachopimwa ni aplikesheni, wala wao hawapimwi, na kwamba si wewe uliyeichora. Kwa upande wako hilo ni kweli, kwa hiyo litumie. Mtu akikwama, uma ulimi. Akikuuliza "nibonyeze hapa?", mrudishie: "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Kisha nyamaza tena. Dakika hiyo huwa ndefu kweli, na mara nyingi mtafiti ndiye anayeshindwa kuvumilia.

Sehemu ya malipo ipime kwa fedha halisi. Mpe mshiriki kiasi, anunue kitu halisi, na kitu hicho kiwe chake. Mchezo wa kuigiza hautakuonesha hofu. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, watu wamezoea kulianzisha jambo la fedha wenyewe: anapiga *150*00#, anachagua, anaona jina la mpokeaji, ndipo anaingiza namba ya siri. Katika aplikesheni nyingi za biashara mambo yamegeuzwa. Mteja akibonyeza "Lipa", ujumbe wa mtandao unaruka wenyewe juu ya kioo ukimtaka aingize namba ya siri. Kwa mtu aliyeonywa na mtandao huo huo tena na tena asiitoe namba yake, ujumbe usioitwa una sura ya utapeli, na akiufuta amefanya alichofundishwa. Angalia pia kinachotokea ujumbe ukichelewa na muda ukaisha, au salio likipungua kidogo ikabidi aende kwa wakala kuweka fedha. Akirudi anakuta kikapu bado kimejaa, au kimefutwa? Mimi nimeona kikifutwa, na nimemwona mteja akiirudisha simu mfukoni na kuanza kuzungumzia mambo mengine. Yule hakulalamika popote wala hakuandika maoni yoyote, na katika takwimu za kampuni amebaki kuwa mtu mmoja zaidi aliyepotea.

Kuhusu kujisajili kabla ya kununua, mbunifu wenu ataniona mkaidi, lakini litengeeni jambo hili siku nzima ya majaribio. Jared Spool, mtafiti wa watumiaji wa Marekani, aliandika mwaka 2009 kisa cha duka kubwa la mtandaoni la Marekani lililokuwa likiwalazimisha wanunuzi kujisajili. Watafiti waliwatazama watu wakinunua, wakaona hasira inayozushwa na ukurasa ule. Kitufe cha kujisajili kikaondolewa, kikawekwa cha kuendelea pamoja na maelezo mafupi kwamba hakuna ulazima wa kufungua akaunti. Kwa mujibu wake, wanunuzi waliokamilisha manunuzi waliongezeka kwa asilimia 45, na mapato ya mwaka wa kwanza yakapanda kwa dola milioni 300. Siahidi kwamba Sinza mtapata dola hizo. Ninachokitaka ukione ni kwamba kasoro iliyokuwa ikigharimu fedha zote zile ilijulikana kwa kukaa na wanunuzi na kuwatazama.

Jambo la lugha nitaligusa tu, ingawa ningeweza kuliandikia safu nzima. Andika majina ya bidhaa zenu hamsini kwenye vipande vya karatasi, mpe mteja avipange mafungu kwa akili yake, kisha mwombe akutajie jina la kila fungu. Utashangaa ni wangapi wanaoliweka dera pamoja na nguo za nyumbani wakati ninyi mmeliweka kwenye "Mitindo". Na kama aplikesheni yenu inasema "Agizo lako limewasilishwa" huku mtaa mzima unasema "oda imepita", hapo mtaa una haki.

Mkurugenzi usimwandikie ripoti ya kurasa sitini. Mchukue awamu ya pili akae pembeni ya benchi, kwa sharti la kutofungua kinywa, amtazame mteja mmoja akishindwa kulipa. Nimewaona wakubwa wakitoka jasho kwa dakika kumi kama hizo. Ikiwa hana muda, mwoneshe vipande vitatu vya video, kila kimoja cha dakika moja, kwa ridhaa ya waliomo. Na kabla ya kuanza, mwombe akujibu kwa maandishi: ni uamuzi gani utabadilika kutokana na utafiti huu? Akisema rangi ya kitufe, basi fedha za nauli ziokolewe.

Aplikesheni mpya ikitoka, rudia kazi zile zile kwa watu wa aina ile ile, uone wangapi wanafika mwisho. Ukitaka alama ya kulinganisha, lipo dodoso fupi la kauli kumi lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986, ambalo hutoa alama kati ya 0 na 100. Wastani wa mifumo mingi ni karibu 68. Alama hiyo usiisome kama asilimia, na dodoso lijazwe mara tu baada ya mtu kumaliza kutumia, akiwa bado na joto la kazi. Ipime aplikesheni ya zamani kwanza, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, ninasaidia utafiti wa aina hii kwa mara ya kwanza. Je, ni halali kuwalipa watu tunaowahoji? Na je, kurekodi simu zao kuna tatizo kisheria? (Msomaji, Ubungo)

JIBU: Kuwalipa ni haki, maana unachukua muda wa mtu ambaye huenda muda wake ndio mtaji wake. Mpe nauli ya kwenda na kurudi, au bando kama mnazungumza kwa simu, pamoja na shukrani ya kiasi, na wote wapewe sawa. Siri ndogo: mpe mwanzoni kabisa, umwambie ni yake hata akiamua kuondoka baada ya dakika tano. Posho inayosubiriwa mwishoni huzaa majibu matamu.

Kuhusu kurekodi, nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wanapaswa kusajiliwa. Waulize wanaokusimamia kama wamesajiliwa, hata wakikunja uso. Kwa vitendo, mweleze mshiriki kwa Kiswahili cha kawaida unarekodi nini, kwa ajili ya nini, nani ataona na lini itafutwa, kisha apate nafasi ya kukataa bila kununa. Karatasi ya Kiingereza ya kurasa mbili inayotiwa sahihi bila kusomwa haimlindi yeyote. Usirekodi anapoingiza namba ya siri, na ziba salio lake kwenye picha. Zaidi ya hapo, mwombe azime taarifa za ujumbe unaoingia kabla ya kuanza. Mimi nilisahau siku moja, na katikati ya kurekodi ukaingia ujumbe wa mdai wake, mrefu, wenye maneno makali, ukisomeka wote juu ya kioo. Tulisimamisha kazi, tukaifuta video mbele yake, na tukakaa tukinywa soda mpaka uso ukamrudi.

SWALI: Nina duka la viatu Kariakoo. Wateja wangu wengi wananipata kwa WhatsApp na Instagram. Wanangu wananishauri nitengeneze aplikesheni, na kijana mmoja ameshanipa bei. Kabla sijatoa hela, nitajuaje kama wateja wanaihitaji? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

JIBU: Mzee wangu, utafiti wako umo mfukoni mwako. Kaa na mwanao mmoja jioni, mfungue mazungumzo mia moja ya mwisho na wateja, na katika kila moja mwandike swali la kwanza la mteja na mahali mazungumzo yalipokatika. Nakisia mtaona "bei gani?" mara nyingi kuliko mnavyodhani, kwa sababu ule mtindo wa kuandika "bei njoo inboksi" umewachosha watu. Mtaona pia "namba 42 ipo?", "mpo wapi?" na "mnatuma mikoani?"

Kisha kwa wiki mbili wekeni kila picha pamoja na bei, namba zilizopo, na gharama ya kutuma, bila aplikesheni yoyote. Hesabuni tena ni maswali yapi yamekoma. Ikiwa yamekoma mengi na mauzo yamepanda, yule kijana asubiri kwanza. Ikiwa wateja ni wengi kiasi kwamba hamuwahi kuwajibu, au wanataka kuona wenyewe namba zilizobaki saa sita za usiku, hapo kuna kazi ambayo programu inaweza kuifanya vizuri kuliko kidole cha mwanao, na mtajua hasa cha kumwagiza fundi. Niandikie baada ya hizo wiki mbili uniambie swali lipi limebaki.